Small sio "dogo" kila mahali, mgongo wa bibi wa watu ndo ulinifundisha

Mi nafanya kazi ya kea huku Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee, huu ni mwaka wa saba, na hii habari ilinitokea mwaka wangu wa kwanza kabisa nikiwa shifti ya usiku. Nimekaa nayo muda mrefu, nilimwambia dada yangu peke yake. Naiandika saa hizi kwa sababu naona Watanzania na Wakenya wengi wanaingia kwenye hii kazi na Kiingereza chetu kile cha shule, kizuri tu, mitihani tulifaulu, ila kuna maneno tunayaona rahisi mno hata hatuyaulizi, na hayo ndo yenye kuumiza watu.

Kengele ililia chumba cha mwisho kwenye korido, kama saa tisa kasoro usiku. Ni chumba cha bibi mmoja wa miaka 88, mpole sana, hana kawaida ya kubonyeza kengele, hata akitaka maji anasubiri upite. Nikamkuta kakunja uso. Nikamuuliza una shida gani, akanijibu kwa sauti ya chini, "It's in the small of my back, love." Sasa mimi hapo nikasikia maneno mawili, small na back. Nikajua ana maumivu madogo ya mgongo, na kwa jinsi alivyosema kwa upole wake ule nikaona ndio, kweli ni madogo. Nikamgeuza ubavu, nikamwekea mto, nikampa maji, nikakaa naye kidogo mpaka akasema sawa nenda. Alafu nikarudi kwenye tableti ya ripoti nikaandika "small pain in her back, repositioned, settled". Nakumbuka neno kwa neno maana baadaye niliisoma hiyo sentensi mara nyingi sana.

Asubuhi kwenye hendova, pale tunapowakabidhi zamu wenzetu wa mchana, nikasoma hivyohivyo, maumivu madogo, ametulia. Wenzangu wa mchana wakampa panadol za kawaida wakamweka mwisho wa orodha, na hawakukosea, walifuata ripoti yangu. Saa sita mchana walipomwinua kwenda kuoga akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni. Daktari akaitwa, akapelekwa kupigwa picha, ikaonekana pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Mifupa ya uzeeni inapungua nguvu inakuwa kama chaki, kumbe jana yake jioni alikaa kwa kishindo chooni wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo yule bibi wa watu alilala na pingili iliyobonyea usiku mzima na nusu ya siku, na dawa ya maumivu ya maana hakuipata kwa sababu mimi niliandika small.

Nilipoingia shifti iliyofuata nesi akaniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, alikwambia maneno gani, yaseme kama alivyosema yeye. Nikayasema. Akafumba macho sekunde mbili tatu, akageuka akanipa mgongo, akaweka kiganja chake pale nyuma ya kiuno, pale mwili unapoingia ndani kabla ya kufika kwenye nyonga. Akasema hapa, hapa ndo panaitwa the small of the back. Bibi alikuonyesha mahali, hakukwambia kiasi.

Jamani, nililia kwenye stoo ya mashuka. Nilikuwa nimemuuliza ana shida gani, akanijibu mpaka mahali panapouma, na sikumwelewa.

Sasa kilichonikaa kichwani baada ya pale ni swali moja tu, kwa nini mahali paitwe small. Mgongo una udogo gani? Niliuliza wenzangu wa Kiingereza waliozaliwa huku, wote wakasema ndo panavyoitwa, hakuna anayejua sababu, na siwalaumu, hata sisi ukituuliza kwa nini usiku unaitwa wa manane wengi hatuna jibu la haraka (hiyo ya manane nitairudia). Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba ya mji, nikaomba dikshenari kubwa ile yenye historia za maneno. Nikasoma nimesimama, nikasahau hata kukaa.

Kumbe small zamani haikuwa "dogo". Kwenye Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, neno lilikuwa smæl, na maana yake iliyobeba uzito ilikuwa nyembamba, kitu kisicho na upana. Udogo wa jumla ulikuwa na neno lake lingine, lytel, ambalo ndo little ya leo. Baadaye small ikaanza kutanuka, ikahama kutoka wembamba kwenda udogo wa kila aina, mpaka leo mtu akisema small anawaza saizi tu. Lakini kuna sehemu chache neno lilibaki na maana yake ya zamani, na mgongo ni mojawapo. Pale kiunoni ndo kiwiliwili kinapokuwa chembamba. Kwa hiyo the small of the back ni wembamba wa mgongo, basi, ndo hivyo tu. Washairi wao wa miaka 600 iliyopita wakimsifia msichana wanasema mwili wake ni smal, na hawana maana ya kwamba alikuwa mfupi au mtoto, ni sifa ileile sisi tunayosema kiuno cha nyigu.

Ndugu zake small wa karibu kwenye lugha za jirani hawakuhama. Mkwe wa mzee wetu mmoja ni Mjerumani, alikuja kumtembelea nikamuuliza, akaniambia kwao schmal ni nyembamba, njia schmal, suruali schmal, mtu mfupi huwezi kumwita schmal kama hajakonda. Waholanzi nao smal kwao ni nyembamba. Na mwenzetu wa shifti kutoka Poland aliposikia tunaongea akasema kwao dogo ni mały, na ile dikshenari nayo inalihusisha hilo neno la kwao na small, ni kama binamu wa mbali. Kilichonifurahisha zaidi ni cha watu wa kaskazini kule, wale wa zamani wa Norway na Iceland, wao walikuwa na neno smali, maana yake mifugo midogo, kondoo na mbuzi. Hapo nilimkumbuka babu, kwetu Singida, jioni akihesabu zizi alikuwa anahesabu ng'ombe kwanza alafu anauliza "na wale wadogo?" na wote tunajua anauliza mbuzi.

Ila nikwambie kilichonitoa machozi mara ya pili pale maktaba. Nilikumbuka utumbo.

Shule ya msingi tulisoma sayansi kwa Kiswahili, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na mwalimu wetu alitufundisha utumbo mwembamba na utumbo mpana. Mtoto anaelewa bila kusumbuka, mmoja mwembamba mwingine mpana, ukichora unachora mmoja kama kamba umejikunja katikati na mwingine kama bomba umeuzunguka. Tukaingia sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza kwa siku moja, utumbo mwembamba ukawa small intestine na utumbo mpana ukawa large intestine. Kwenye mtihani wa fomu two likaja swali, upi kati ya hizo ni mrefu zaidi. Mi nikajibu large, nikaandika na sababu kabisa, kwa sababu ni kubwa. Nikakoseshwa. Ukweli ni kwamba utumbo mwembamba wa mtu mzima una kama mita 6 na mpana una kama mita 1.5, yaani huo unaoitwa small una urefu wa mara nne ya huo unaoitwa large. Nikamuuliza mwalimu inakuwaje kidogo kiwe kirefu kuliko kikubwa, akasema kariri hivyohivyo, Kiingereza ndivyo kilivyo. Nikakariri.

Na jibu nilikuwa nalo toka darasani kwa Kiswahili! Aliyetafsiri hilo neno la utumbo mwembamba, sijui ni nani ila Mungu ambariki, aliangalia kitu chenyewe, upana wake, wala hakukimbilia "utumbo mdogo". Wajerumani nao wanauita utumbo mwembamba, na hata Kilatini cha madaktari kinasema tenue, nyembamba. Kiswahili kilikuwa kimeshanipa maana halisi ya small miaka mingi kabla sijaja huku, mi nikaiacha mlangoni pa sekondari kwa sababu tuliambiwa sasa ni Kiingereza tu. Kama ningeingia chumba cha yule bibi nikiwa na utumbo mwembamba kichwani, labda ningesita kidogo. Labda ningemwambia nionyeshe.

Baada ya hapo nikawa siwezi kupita kwenye hilo neno nikaliacha. Likaja la ndui. Kiingereza ni smallpox, na mimi siku zote nilijua ni ugonjwa mkubwa, ulioua watu mamilioni kwa mamilioni, aina yake kali iliua kama watu 30 katika kila 100 waliougua, na waliopona wengi waliachwa na makovu usoni na wengine upofu. Sasa udogo wake uko wapi? Kumbe pox ni vile vipele vyenye usaha, na mwishoni mwa miaka ya 1400 Ulaya ililipukiwa na kaswende, ilionekana sana kwenye vita vya Wafaransa kule Napoli, Italia, mwaka 1494 na 1495, nayo ilikuwa inatoa madonda makubwa ya kutisha. Wakaiita the great pox. Ule wa zamani ambao vipele vyake ni vidogo ukabidi upate jina la kuutofautisha, ukawa small pox. Neno lilipima kipele, halikupima kifo.

Na sisi tunafanya hivyohivyo. Kifua kikuu! Kifua cha kawaida ni kikohozi kinachopita, mtu anasema nina kifua, alafu kuna kile kikuu. Niliwaeleza wenzangu kazini kwamba kwetu TB inaitwa kifua kikubwa wakashangaa sana, na mi nikawaambia na nyie mna kipele kidogo kilichoua dunia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kovu la chanjo ya ndui mkononi karibu na bega, la duara, limebonyea kama mtu amebonyeza shilingi kwenye udongo mbichi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaweka kidole pale. Alikuwa anasema "hili ndilo lililoniacha niwazae mama zenu, wajukuu zangu", basi, haelezi zaidi, ila alikuwa na ndugu zake waliokufa kabla hawajafika umri wa kuoa na kuolewa na sisi tulijua ni ndui. Mtu wa mwisho duniani kuupata huo ugonjwa kwa njia ya kawaida alikuwa wa huku kwetu Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Na yule Ali miaka mingi baadaye alikuwa anazunguka kuhamasisha watu wachanje watoto wao polio, akafariki 2013 kwa malaria akiwa bado kwenye hiyo kazi. Namtaja kwa sababu kila nikiona neno smallpox sasa hivi namuwaza yeye na namuwaza bibi, na hilo small mbele yake linanitia uchungu.

Turudi usiku. Huku saa za usiku ule ambao sisi wa shifti tunaujua wanaziita the small hours, kwa sababu saa yao ikishapita usiku wa katikati inaanza upya na namba ndogo, moja, mbili, tatu. Kwetu saa hizohizo namba zake ni saba, nane, tisa, sio ndogo hata kidogo. Na hapo ndo manane inapoingia, usiku wa manane, mi nikiisikia naisikia saa nane ndani yake. Yaani tupo macho usiku uleule mmoja, mimi na mwenzangu wa huku, tunabadilisha shuka la mzee mmoja, yeye yuko kwenye saa ndogo mimi niko kwenye manane.

Alafu kuna upande wa watu, na huu nao ulinigharimu. Mama yangu mdogo aliumwa sana mwaka wangu wa pili huku, mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, nikaenda kwa meneja kuomba siku za kwenda nyumbani. Nikamwambia my small mother is very sick. Akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, ni mfupi? Nikaanza kueleza, ni mdogo wake mama. Akasema oo, aunt yako. Na kwenye fomu ikaandikwa aunt, na aunt kwa taratibu zao haina uzito wa mama, nikapewa siku chache. Hapo sikumchukia, neno lilikuwa limeshafanya kazi yake. "Mdogo" ya mama mdogo haipimi mwili na wala haipunguzi umama, inasema tu nani alitangulia kuzaliwa. Mama mdogo wangu ni mrefu kuliko mimi na ni mnene. Na vilevile tunavyosema my small brother, Mwingereza anasema little brother, small kwake kwenye ndugu inakuwa kama unampima na futi. Little ndo ina huruma na mapenzi ndani yake. Wazee wetu wa kike wakimwambia mtu habari za mtoto wao wanasema my little boy, na huyo boy anakuja kuwatembelea ana mvi.

Na hiyo little nayo ina mtego wake mbaya kazini, nauandika hapa kwa anayeanza. Ukisema mgonjwa ate a little maana yake alikula kidogo, kuna kitu kimeingia. Ukitoa hiyo a, ukasema she ate little, maana yake hajala cha maana, ni wa kuangaliwa. Kiswahili chetu hakina hako ka-a kwa hiyo tunakaruka bila kujua, na nesi anayesoma anaamua kitu kingine kabisa. Mi siku hizi situmii yote mawili. Naandika vijiko vinne vya uji, nusu kikombe cha chai. Kwenye maumivu namuomba mtu anipe namba kutoka sifuri mpaka kumi, na kabla ya namba namwambia nionyeshe kwa mkono, na asipofikia namwambia nishike mkono wangu upeleke wewe.

Yule bibi alirudi kutoka hospitali baada ya wiki mbili, akaishi na sisi miaka miwili zaidi. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza ukweli wote, kwamba nilidhani small ni maumivu. Alinyamaza, alafu akasema na yeye hakuwahi kufikiria hilo neno maisha yake yote, akaniuliza kwenu panaitwaje. Nikamwambia kiuno. Akajaribu kusema, kiuno, akakosea, akarudia. Toka siku hiyo akibonyeza kengele usiku nikiingia ananiambia "kiuno" au anatikisa kichwa kwamba leo sio kiuno ni goti.

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko fomu two, kanitumia picha ya daftari lake la baiolojia WhatsApp. "Mama mdogo shikamoo, eti kwa nini small intestine ni ndefu kuliko large, ticha kasema tukariri." Nikamjibu marahaba mwanangu, chukua penseli, chini ya small andika nyembamba, chini ya large andika pana, alafu nenda uani uangalie mpira wa kumwagilia bustani na bomba la choo, upi mrefu upi mpana. Ikapita kama robo saa. Akarudisha picha, kaandika kwa mwandiko wake ule wa kulala, nyembamba, pana, na mishale. Alafu akauliza, "na small pox je?"

Nikamwandikia ngoja nikutumie voice, hii ni ndefu.